Tumbo la Uani

Chwa!

Kijiti cha kiberiti kilisuguliwa gizani, kikawaka, kikaonyesha pua ya mwanamke, kidevu chake, na jiko la chuma lililokaa kimya kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja sahani.

Mama Chiriku alizungusha valvu taratibu, akasogeza kijiti, akatega sikio. Siku za nyuma jiko lilikuwa likimjibu kwa mvumo mdogo, vuuu, kisha ua la buluu likachanua duara zima. Alfajiri hii halikujibu kitu. Akawasha kijiti cha pili. Cha tatu kikamchoma kidole, akakitupa huku akimwita mama yake mzazi.

"Waka, baba," alilibembeleza jiko. "Waka hata kidogo, nichemshe chai tu. Maharage sikuombi."

Jiko likabaki na ukimya wake. Ikabidi aende nyuma ya mlango kuokota kuni, zile zile alizoziaga kwa kejeli siku jiko jipya lilipowaka mara ya kwanza. Akapiga magoti, akapuliza. Kuni nazo zilikuwa hazijasahau kejeli. Zilitoa moshi kwanza, moto zikauweka wa baadaye.

Moshi ukapita juu ya ukuta usiofika darini, ukaingia chumba cha pili. Huko ndani kifua kikaanza kuhangaika kama gari bovu linalopigwa stata: kho, kho, kho.

"Bibi amekohoa!" sauti nyembamba ikatangaza kutoka kitandani.

"Nimesikia, Chiriku. Lala."

Kho, kho.

"Amekohoa tena!"

Mtoto huyu alikuwa mdogo wa umri na mkubwa wa mdomo, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Kazi ya kutangaza kikohozi alipewa na shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake. Shangazi alikuwa msimamizi wa usafi katika hospitali ya mjini, na aliamini kuwa dunia ina watu wa aina mbili: wasafi, na wanaongoja kusafishwa. Kila jioni alipiga simu. Hakuwauliza wakubwa, kwa sababu wakubwa hufunika mambo. Alisema, "Nipe Chiriku." Kisha: "Bibi leo amekohoa?" Na Chiriku, ambaye hajawahi kupewa cheo kingine duniani, alitoa taarifa yote bila kuacha hata chafya.

Taarifa za karibuni zilikuwa mbaya. Shangazi, aliyekuwa akitishia siku nyingi, akakata shauri: Jumapili anakuja kumchukua mama yake, akaishi naye ghorofani, mbali na moshi, mbali na ng'ombe, na mbali na "hilo shimo lenu".

Mama Chiriku akilifikiria jambo hilo, moyo ulimteremka hadi kwenye ndara. Huyu mama mkwe ndiye aliyemkanda alipojifungua, akambebea mtoto usiku alipokuwa hajui mtoto hushikwaje. Ndiye aliyebaki na Chiriku jioni ili yeye aende darasa la watu wazima. "Nenda, mwanangu," alimwambia siku ya kwanza, akimfunga vizuri kitambaa cha kichwa, "usome na fungu langu." Bibi akiondoka, darasa nalo limeondoka. Na hata bila darasa, nyumba isiyo na yule mama ingekuwa chai isiyo na majani: maji ya moto tu.

Lile shimo lenyewe lilitoka darasani. Jioni moja mwalimu wa sayansi alieleza kwamba samadi mbichi ikikorogwa na maji, ikafungiwa mahali pasipoingia hewa, vijidudu vilivyomo huila polepole na kutoa gesi inayowaka. Mama Chiriku alirudi nyumbani nusu anatembea nusu anakimbia.

"Mume wangu! Mavi ya ng'ombe yanachemsha chai!"

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa amani, asiyependa kubishana na yeyote mwenye kichwa. Akafikiri kidogo. "Haya. Ila hiyo chai utaionja wewe kwanza."

Bibi alilitafakari siku mbili. Ya tatu akatua kikombe. "Nimekula moshi tangu nilipoolewa, na moshi haujawahi kunishukuru. Kama mavi yatanisaidia, yakaribishwe."

Wakamwita fundi, aliyejulikana mtaa mzima kama Fundi Kesho kwa ajili ya neno alilolipenda kuliko yote. Kwa kesho nyingi alichimba shimo uani, akalijengea kuba la matofali kama chungu kilichofunikwa chini ya ardhi. Akaweka beseni la saruji la kukorogea samadi mbele ya banda, na bomba la kupeleka gesi jikoni. Samadi ilitoka kwa ng'ombe wao mmoja. Ng'ombe huyo aliitwa Mke-Mwenza, kwa kuwa Baba Chiriku akirudi kazini huuliza kwanza kama yeye amekula, ndipo aulize habari za wengine.

Siku ua la buluu lilipochanua, Bibi alikaa jikoni toka asubuhi hadi mchana bila kushika kazi yoyote. Alikuwa anapumua tu. Kifua kikatulia. Chiriku akakosa cha kutangaza, akanuna.

Kisha ua likaanza kunyauka. Likabaki petali mbili tatu, kuni zikaanza kusaidia na kikohozi kikarudi, likabaki shanga, na sasa hakuna kitu.

Asubuhi ile Fundi Kesho aliitwa, na kwa maajabu akaja siku ile ile. Aligonga bomba. Akalinusa. Akapaka povu la sabuni kwenye viungio vyote kutafuta pa kuvuja, hapakuvuja popote.

"Shemeji," alisema mwishowe, "tatizo ni ng'ombe."

"Kafanya nini?"

"Ana mawazo. Ng'ombe mwenye mawazo samadi yake haina nguvu."

"Fundi, huyu anakula, analala, anakandwa mgongo na kinyozi. Mawazo atayatoa wapi?"

"Jina mlilompa peke yake linatosha," fundi alijibu, akikusanya spana zake. "Nitarudi kesho nimtazame vizuri."

Alipoondoka, Mama Chiriku alichuchumaa kwenye beseni, akainama anuse mwenyewe. Alijiandaa kwa harufu anayoifahamu. Pua yake ikakutana na ndimu. Ndimu, na nyuma yake kitu kikali cha kuwasha macho. Samadi yao ilikuwa inanukia kama wodi ya wazazi.

Akaifuata ile harufu hadi bandani, akasimama mlangoni mdomo wazi. Sakafu ilikuwa nyeupe. Katika maisha yake hajapata kuona banda la ng'ombe lenye sakafu nyeupe. Mke-Mwenza alisimama katikati, kwato zinang'aa, na uso wa mtu aliyevalishwa kwa harusi bila kuambiwa ni ya nani.

"Chiriku! Nani anaosha banda?"

"Bibi. Ukienda sokoni. Anamwosha na ng'ombe miguu."

"Kwa sabuni gani?"

"Ile ya shangazi."

Dumu alilikuta nyuma ya pipa la maji, limefunikwa gunia kama mtu aliyelala. Lilikuwa zawadi ya wifi yake. Wengine wakija huleta matunda, yeye huleta dawa ya kusafishia. Ubavuni iliandikwa kwa herufi nene: HUUA VIJIDUDU VYOTE BILA KUBAKIZA.

Akasoma mara mbili. Bila kubakiza. Akaitazama sakafu, ilivyoinamia beseni ili maji ya kuoshea yashuke yenyewe shimoni, jambo ambalo Fundi Kesho alijisifia nalo wiki nzima. Vibarua wake wote wa chini ya ardhi, waliokuwa wakimchemshia chai bila kudai chochote, walikuwa wameogeshwa hadi kufa.

Sasa, utamwambiaje mama mkwe kwamba usafi wake ndio ulioharibu? Mama Chiriku alijaribu maneno kwa ng'ombe kwanza. "Mama, kuna jambo dogo." Ng'ombe akageuza uso. "Mama, usinielewe vibaya." Ng'ombe akampiga mkia.

Jioni wakakaa mkekani wakipembua maharage, sinia katikati yao.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Banda linang'aa."

"Umeona, eh?" Bibi akachangamka, akasogea karibu. "Nilitaka wifi yako akija akose pa kunyoosha kidole. Akikosa uchafu amekosa sababu. Mimi ghorofani kwake sitaki kwenda, nakwambia wewe tu. Ngazi mpaka unasahau ulikuwa unapanda kwenda wapi. Na ukikohoa, jirani anakugongea ukuta."

Machozi yalimlenga Mama Chiriku na kicheko kikambana, asijue kipi atangulize.

"Mama, lakini ile dawa inashuka na maji hadi kwenye mtambo."

"Ndivyo nilivyotaka! Mtambo nao upate usafi. Jumatatu niliumwagia kopo zima la peke yake, maana ulikuwa unanuka."

"Mama, ule mtambo..." Akatafuta maneno. Maneno ya darasani yalimjia mengi, ila yote yalikuwa yamevaa tai. Akayaacha. "Mama, kule chini ni tumbo. Tumbo la ng'ombe hasa, ila halina miguu wala mkia. Tunalilisha, linasaga, linatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo tunapikia. Wanaosaga ni vijidudu. Sasa dawa imewaua."

Vidole vya Bibi vikasimama juu ya sinia.

"Tumbo?"

"Tumbo, mama."

"Kwa hiyo mimi nimemnywesha mgonjwa dawa ya chooni."

"Kidogo tu, mama."

"Kopo zima si kidogo!" Bibi akajipiga paja. "Na wewe mbona kila siku mtambo, mtambo? Mtambo ni chuma. Chuma huoshwa! Ungeniambia tumbo, mimi niliyefuga ng'ombe kabla mumeo hajaota meno, ningemwosha nani tumbo?"

"Nisamehe, mama. Nilitaka ionekane nasoma."

"Nilikutuma usome na fungu langu. Ukirudi unipe fungu langu basi, usile peke yako." Lakini tayari macho yake yalikuwa yamehama, yalikuwa yanatazama uani kwa namna ya mtu aliyeitiwa mgonjwa. "Sikiliza. Ng'ombe akiacha kucheua, tulikuwa tunafanyaje? Tunamtafuta mwenzake mzima, tunachukua cheuo mdomoni mwake, tunamlisha mgonjwa. Tumbo linafundishwa kazi na tumbo. Nani mwingine hapa mtaani ana shimo kama letu?"

Mama Chiriku akamtazama. Mwalimu aliwahi kusema jambo linalofanana na hilo, kwa maneno yenye tai.

"Muuza maziwa wa barabara ya pili," alisema.

"Yule mwenye majivuno?"

"Huyo huyo."

"Basi tutayameza majivuno yake. Asubuhi mumeo atafute mkokoteni."

Asubuhi Bibi alitoka amevaa gauni lake la kutokea, viatu vya kufunga, na mwavuli mkononi. Mtu haendi kuomba, alisema, akiwa amevaa kama anayeomba. Muuza maziwa aliwapokea getini, tumbo mbele.

"Karibuni. Leo mmekuja kuomba nini?"

"Mavi yako," alisema Bibi.

Muuza maziwa akashtuka. "Yangu mimi?"

"Ya ng'ombe wako, mwanangu. Usijipe sifa."

Alicheka hadi akashika nguzo, na mtu akishacheka hivyo hawezi kukunyima. Akawajazia ndoo kwa uji mweusi, mzito, wenye mapovu, uliotoka tumboni mwa shimo lake lililo hai. Wakarudi nao mkokotenini, Bibi mbele na mwavuli wake, Mama Chiriku ameshika ndoo zisipinduke, na Baba Chiriku anasukuma huku amejifunga taulo la kunyolea puani. Wateja wake waliokuwa wakimngoja kibarazani wakainuka wote.

"Kinyozi! Unahamia wapi?"

"Hahami!" Bibi akajibu bila kugeuka. "Tunampelekea mgonjwa dawa."

"Kama dawa inanuka hivyo," mmoja akasema, "huyo mgonjwa mwacheni apumzike."

Ule uji ukamiminwa besenini, na toka siku hiyo shimo likauguzwa. Dumu lilifungiwa kabatini, na sakafu ya banda ikarudia rangi yake. Bibi aliamuru tumbo lilishwe kidogo kidogo, kama mtu aliyetoka homani, na maji yake yapashwe juani kwanza. Mchana alikaa karibu na mfuniko wa shimo dogo la kutokea samadi iliyokwisha kusagwa, akiinama kila mara kuweka sikio, kama alivyokuwa akisikiliza ubavu wa ng'ombe zamani. Fundi Kesho alikuja kama alivyoahidi, ila kesho yake ilikuwa imepita siku kadhaa, akakuta ng'ombe hana mawazo tena. Akaondoka ameudhika kidogo.

Lakini jiko bado. Kila alfajiri ni kuni, na kikohozi, na tangazo. Kila jioni ni simu. Mama Chiriku alikuwa akimsikia bintiye kutoka chumbani: "Amekohoa asubuhi. Na mchana. Na akicheka," na angependa kumziba mdomo, lakini mtoto alikuwa anasema kweli, na kweli ndiyo aliyomfundisha mwenyewe.

Jumamosi alifungua valvu, akasogeza kijiti. Kitu kikatoka bombani, fff, kikakizima kijiti.

"Inatoka lakini haiwaki!" alilalamika.

"Mgonjwa anapumua," alisema Bibi. "Bado hajapata maneno. Mwache."

Kumwacha ilikuwa rahisi kusema. Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Wifi alifika kabla ya wakati, kwa teksi, ili awakute kama walivyo. Alisukuma geti kwa kiwiko, maana mkono mmoja ulikuwa na leso puani na mwingine ulikuwa na dumu jipya. Akamwona mama yake mzazi, mwanamke aliyemlea kwa heshima, amelala kifudifudi uani, sikio juu ya shimo la mavi.

"Mama!"

Dumu likamponyoka. Likaanguka kwa ubavu, kizibo kikaruka, likaanza kubingirika kwenye mteremko, linacheka huku likimwaga dawa, glu, glu, glu, moja kwa moja kuelekea kwenye beseni.

"Lizuieni!" Mama Chiriku akapiga kelele.

Baba Chiriku, mtu wa amani, ambaye katika mechi zote za utotoni aliwekwa kulinda mashati ya wenzake, aliruka toka mlangoni pa banda na kulidaka dumu ukingoni mwa beseni, akaanguka nalo kifuani kwenye kile ambacho Mke-Mwenza alikuwa amekitoa punde. Hakuna tone lililofika besenini. Chiriku akapiga makofi.

"Shhh!" Bibi aliinua kidole bila kuinua kichwa. "Nyamazeni. Anacheua."

"Nani anacheua?" wifi akauliza kwa sauti ndogo.

"Tumbo."

Wifi akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa bado chini, amekumbatia dumu. "Mama amerukwa na akili, na wewe unacheza mpira!"

"Wifi, karibu kiti," Mama Chiriku akajaribu.

"Sikai. Mama, vaa viatu. Gari linangoja."

Bibi akainuka taratibu, akajikung'uta gauni. Akamtazama binti yake, kisha mkwewe, na katika mtazamo huo wa pili Mama Chiriku akaona kwamba mama huyu, aliyekabili majivuno ya muuza maziwa kwa mwavuli, alikuwa anaogopa.

"Sawa, mwanangu," Bibi alisema. "Sina nguvu ya kubishana nawe. Ila hujawahi kuondoka kwangu bila chai. Njoo tunywe. Jikoni."

"Jikoni kuna moshi! Utakohoa!"

"Nikikohoa, nitapanda gari nikiwa bado nakohoa, na neno sitasema."

Wakaingia. Wifi akakaa ukingoni mwa kiti ili asichukue nafasi kubwa ya uchafu. Bibi akakaa mahali pake pa siku zote, karibu kabisa na jiko. Chiriku akapanda juu ya gunia la maharage, akajiweka sawa kazini, macho kwenye kifua cha bibi yake. Baba Chiriku alibaki mlangoni, kwa ombi la wote.

Mama Chiriku akashika kiberiti. Chwa! Akafungua valvu. Fff. Kijiti kikazimika.

"Nilijua," wifi alisema, akinyoosha mkono kuchukua mkoba.

"Mpe tena," Bibi akasema polepole. "Mgonjwa haulizwi mara moja."

Chwa! Mama Chiriku akakilinda kijiti kwa kiganja, akafungua valvu kidogo kuliko mara ya kwanza, kidogo sana, kama anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Vuuu.

Ilikuwa petali moja ya njano. Ikawa tatu. Zikashikana mikono, zikageuka buluu, zikazunguka jiko. Ua lilikuwa dogo, dhaifu, limekonda kama aliyetoka kuugua, lakini lilikuwa limesimama.

Mama Chiriku aliteleka birika na kurudi nyuma kwa kunyata. Wifi aliinama mbele, anamtazama mama yake kama daktari anayengoja kipimo. Akavuta hewa kwa pua kutafuta harufu. Akavuta tena, akaonekana kukasirika kwa kuikosa. Nje dereva akapiga honi, hakuna aliyegeuka. Maji yakaanza kunong'ona, yakachemka. Majani yakatiwa. Chai ikamiminwa, na Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akainywa, akashusha pumzi ndefu iliyotoka bila kukwama popote.

Wifi akatua mkoba sakafuni.

Chiriku alikuwa amengoja hadi shingo ikamuuma. Alimkagua bibi yake mara ya mwisho, akamgeukia shangazi, akatoa taarifa.

"Bibi hajakohoa."